Bi Chumvi Aondoka Mezani

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi alasiri, Bi Chumvi atafuta miwani yake kwa pindo la gauni, atazima taa ya meza na kutoka kazini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika makumbusho yetu, yote katika chumba kimoja cha chini kando ya ngazi, na yote kwenye meza moja. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine, mgeni akituuliza, tunasema Bi Chumvi, naye anafikishwa bila kupotea.

Mkurugenzi ameniagiza niandike kurasa mbili za uchangamfu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Mimi ni msaidizi wa Bi Chumvi, na Jumatatu inayofuata meza hiyo itakuwa yangu. Nimejitahidi kuchangamka. Msomaji anisamehe nikitetereka hapa na pale, maana tangu tarehe hii itajwe usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Watu hutembea ufukweni, wanaona kitu cha ajabu, wanakiokota, wanakwenda nacho nyumbani, kinawasumbua. Ni jiwe? Ni mfupa? Ni kisukuku, yaani kiumbe wa zama zilizopita aliyegeuka jiwe? Nyumbani kila mtu ana jibu lake, na shemeji ndiye anayejua zaidi. Mwishowe wanakuja kwetu, wanapanga foleni, na Bi Chumvi anawaambia ni nini. Hakuna malipo. Mezani pana taa, kioo cha kukuzia, msumari wa kukwaruzia, sumaku, chupa ya siki yenye kitone, mizani ya jikoni na beseni la maji. Nyuma yake kuna kabati la droo alilolitengeneza mumewe, ambaye ni seremala, na ndani ya droo hizo kuna mifupa ya kulinganishia: ya mbuzi, mbwa, kasa, pomboo na nguva. Ile ya mbuzi imetoka jikoni kwake. Mumewe hulalamika hadi leo kwamba kwao supu hailiwi kwa raha, maana mfupa unahesabiwa ukiwa bado mdomoni.

Sehemu kubwa ya wanachokileta watu ni zege. Bahari hulichukua pande la ukuta ulioanguka, hulizungusha miaka na miaka, hulirudisha likiwa la mviringo na kokoto zake zikichungulia. Anayeliokota anaona yai la mnyama mkubwa. Bi Chumvi hajawahi kumcheka mtu wa zege. Humwambia, "Umeona vizuri, ila ni zege," na mtu huondoka amesimama wima, kwa sababu ameambiwa kwanza kuwa ameona vizuri. Baada ya zege huja matofali, chupa zilizosuguliwa, taka za tanuri la chuma na mapande ya mafuta mazito yaliyogandamana. Mara chache, mara chache sana, huja kitu chenyewe. Lile gamba la kasa wa mawe lililo ukumbini liliokotwa na dobi, akalitumia mwaka mzima kuzuia mlango wake usijifunge. Bi Chumvi ndiye aliyelitambua, na ndiye aliyeshikilia kuwa kibao chake kiandikwe "Limeokotwa na dobi" kwa herufi zilezile kubwa za jina la kisayansi.

Wapo waliotuachia vicheko. Karani mmoja wa benki alileta taya la binadamu wa kale, amelifunga kwa pamba, na mfukoni alikuwa na hotuba aliyoiandaa kwa waandishi wa habari. Bi Chumvi aliliinua kwenye taa, akamwomba aketi kwanza. Yalikuwa meno ya bandia. Keshokutwa yake alikuja mzee mmoja, leso mdomoni, akauliza kwa shida kama kuna mtu aliyeokota chochote. Tulimrudishia mali yake, akatushukuru kwa maneno yaliyonyooka kabisa.

Sasa nifike kwenye ulimi, maana msomaji anayemfahamu ameshaanza kushangaa nachelewa wapi. Mfupa, hata ukilala ardhini maelfu ya miaka, una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunyonya mate. Ukiugusisha ulimi, unanata. Jiwe la kawaida halinati. Wataalamu wa visukuku duniani kote wanalijua jambo hili na wengi wao hulifanya kwa kujificha. Bi Chumvi hulifanya hadharani, mbele ya foleni, kisha hufuta midomo kwa kiganja na kutoa jibu. Kwa miaka yote hiyo midomo yake imekuwa na ukoko mweupe wa bahari, na ndiko jina lilikotoka. Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Huyu wetu ameila kweli, tena kwa kazi ya serikali.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, aliwahi kufika na sare yake ya kazini kumshtaki kwa mkurugenzi aliyekuwapo enzi hizo. Likatoka agizo: ni marufuku kulamba vielelezo. Bi Chumvi alilitii bila kinyongo. Wiki hiyo foleni ilitoka mlangoni, ikapita ua, ikafika kwenye geti, na mkurugenzi mwenyewe akashuka ngazi kuja kuling'oa agizo ukutani. Kulikuwa na siku nyingine alipolamba kitu cha kahawia chenye umbo la kidole, kikanata. Alikitazama tena kwa kioo, akatangaza kwa sauti ya kikazi kuwa ni kinyesi cha papa, kilichogeuka jiwe mamilioni ya miaka iliyopita. Kisha akaomba chai. Tangu siku hiyo mlinzi wa getini humpokea kila asubuhi kwa kumuuliza kama ameshakula.

Mimi sijawahi kulamba. Niliseme mapema kwa sababu litahitajika mbele. Miaka yote niliyokaa pembeni yake nimetumia siki, msumari, mizani na macho, nikanawa mikono, nikatumia tena macho. Kitu kilichotoka ufukweni kimepitiwa na mbwa, na mafuta ya meli, na Mungu anajua nini kingine. Bi Chumvi huwaambia wageni kwamba mwenzake huyu ananawa hata akimaliza kusoma gazeti. Ni kweli.

Wageni humsifu kwa utulivu, na hotuba za Ijumaa nazo zitamsifu. Hawaoni miguu yake. Chini ya meza, kuanzia kitu kinapowekwa mbele yake hadi jibu lipatikane, huvua kiatu cha kulia na kukivaa, hukivua na kukivaa. Ni mtu mwenye wasiwasi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na najihesabu na mimi. Akimwambia mtu kitu chake ni zege, analala. Akimwambia ni kitu, halali, na asubuhi anafika kabla ya mfagizi ili akitazame upya. Mara nyingi ameshuka kwenye basi la kurudi nyumbani na kuja kuifungua tena droo. Hofu yake ni moja tu, kwamba neno likishatoka kinywani mwa mtu aliyeaminiwa halirudi. Mwenye jiwe atakwenda nalo hadi kaburini. Kwa hiyo akiwa na shaka husema "Sijui bado," na akihimizwa husema "Kawia ufike," na hakuna waziri wala tajiri aliyewahi kumharakisha.

Zamani mlangoni petu palikuwa na bango la rangi ya samawati lililosema: BAADA YA DHORUBA, NJOO UTUAMBIE UMEOKOTA NINI. Lilichorwa na mchora mabango wa mtaa wa nyuma, kitindamimba wa kwao, mcheshi, mwenye rangi kwenye kucha siku zote. Alikuwa mteja wa meza. Alianza na zege kama kila mtu, akapanda hadi meno ya papa, akawa anajua. Bi Chumvi ndiye aliyemfundisha kwamba dhoruba huchimba mguu wa jabali kule mbele ya rasi, na kwamba vitu vizuri hutokea hapo asubuhi inayofuata, kabla wimbi halijavifukia. Alimfundisha kila mtu hivyo. Ilikuwa kweli, na bado ni kweli.

Asubuhi moja baada ya dhoruba kubwa mchora mabango alizunguka ile rasi maji yakiwa yamekupwa. Maji yalijaa. Walioenda kumtafuta waliikuta ndoo yake imekwama kati ya miamba, na ndani yake mawe aliyokuwa ameyachagua. Yeye mwenyewe hakuonekana, si siku hiyo wala baadaye.

Bi Chumvi aliling'oa bango kwa mkono wake, parafujo moja baada ya nyingine. Mahali pake alibandika karatasi ya saa za maji kujaa na kupwa, na kila mwezi huiandika upya yeye mwenyewe, kwa kalamu nene. Mtu akimuuliza mahali pa kupata visukuku, hamjibu mpaka aisome karatasi ile kwa sauti na kuirudia bila kutazama. Tumewahi kumwona profesa akikaririshwa kama mtoto wa shule. Wageni wanaona ni mzaha wake. Sisi tunajua si mzaha, na hatukuwahi kuzungumza naye juu yake, kwa sababu kila tulipokaribia alianza kupanga droo.

Mchora mabango aliacha dada. Ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na kila mtu mtaani humwita Dada Fundi. Mwezi uliofuata ule msiba usio na kaburi, alikuja kwetu. Wakati huo mimi sikuwa nimeajiriwa. Haya nimesimuliwa na mlinzi, aliyeyaona kupitia dirishani. Anasema Bi Chumvi alipomwona anaingia alisimama, kwa kuwa alidhani amekuja kumlaumu na hakutaka kulaumiwa akiwa amekaa. Dada Fundi hakulaumu. Aliweka mezani kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, akakifungua. Ulikuwa mfupa.

Ulikuwa wa mbuzi. Bi Chumvi aliujua mara moja, ila sauti ilimkauka. Yule dada alikuwa amesimama mbele yake, mikono kifuani, akingoja kuambiwa kama huyo ni mdogo wake. Basi Bi Chumvi akafanya jambo pekee ambalo mwili wake ulikuwa umelizoea: aliuinua mfupa ule, akaulamba. Dada Fundi akavuta kiti, akakaa, akalia hadi kitambaa kikalowa. Alikuwa ameelewa kabla ya neno lolote. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angefanya vile kwa mtu.

Tangu hapo ikawa ndiyo njia yao. Baada ya kila dhoruba Dada Fundi hutembea ufukweni kabla ya kufungua cherehani yake, na akiona mfupa anauleta. Ameleta mbavu za pomboo, miguu ya mbwa, gamba la kasa, mara moja mzizi wa mti uliotudanganya sote kwa dakika nzima. Haketi. Nimekuwa nikimsogezea kiti kila mara, naye hunishukuru na kubaki amesimama, macho yake yako kwenye midomo ya Bi Chumvi. Bi Chumvi hakuwahi kufanya haraka. Huuzungusha mfupa kwenye taa, huulinganisha na wa droo, nami husikia kiatu kikivuliwa na kuvaliwa chini ya meza. Kisha hulamba. Kisha Dada Fundi hukaa, wanakunywa chai, wanazungumza habari za bei ya vifungo na vitambaa vinavyochuja rangi. Jina la mchora mabango hulitaja mmoja wao kwa kupita, kwa cheko la kitu alichowahi kusema. Wameshazeeka pamoja kwa mtindo huo.

Mkurugenzi akifika hapa atasema kijitabu ni cha sherehe. Namwomba asome hadi mwisho.

Mwaka huu, baada ya dhoruba ya kwanza, Dada Fundi alileta mfupa mrefu wa rangi ya chai, umevunjika upande mmoja. Bi Chumvi aliuzungusha kwenye taa. Alifungua droo ya mbuzi, akaifunga. Akafungua ya mbwa, ya pomboo, akazifunga. Nikasubiri kusikia kiatu, nikagundua miguu yake imetulia kabisa. Alitandika leso yake safi juu ya meza, akaulaza mfupa juu yake kwa mikono miwili, na hakuulamba.

Dada Fundi aliomba maji. Nilikwenda kuyaleta nikayamwaga njiani, nikarudi kuchota mengine. Niliporudi wote wawili walikuwa wamesimama, na Bi Chumvi alikuwa anasema kwa sauti ya chini kwamba ni mfupa wa mkono wa mtu, kwamba hajui ni wa nani, na kwamba hatasema zaidi ya anavyojua. Dada Fundi akauliza kitu kimoja tu: "Lakini unaweza kuwa wake?" Bi Chumvi akajibu kwamba unaweza. Nadhani hilo lilikuwa jibu gumu kuliko yote aliyoyatoa katika utumishi wake, na alilitoa akimtazama usoni.

Mfupa ulikwenda polisi, na kutoka polisi ukaenda hospitali kuu, kwa daktari anayechunguza mifupa. Tukaanza kungoja. Sitaki kuzirudia siku zile. Kila simu ilipolia chumba kizima kilinyamaza, hata watu wa foleni, ambao hawakujua tunangoja nini. Bi Chumvi aliletewa karatasi za kustaafu akazitia sahihi bila kuzisoma. Kamati ya sherehe ilimuuliza anapenda keki ya aina gani akajibu, "Yoyote itakayokubalika kwa daktari," wakadhani ana kisukari. Dada Fundi alipita kila jioni akitoka sokoni. Hakuuliza. Alisimama mlangoni, Bi Chumvi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jibu lilipofika lilikuwa hivi. Mfupa ni wa mwanamke, tena mwanamke mzee, na alifariki kabla yeyote kati yetu hajazaliwa. Upande wa pili wa rasi kuna makaburi ya kale ambayo bahari imekuwa ikiyamega kidogo kidogo, na yumkini alitoka huko. Bi Chumvi aliisoma barua kwa sauti, mara mbili. Dada Fundi alisikiliza amesimama. Sote tulimtazama tukiogopa, kwa sababu hatukujua kama amepewa ahueni au amenyang'anywa kitu. Nafikiri hata yeye hakujua. Mwishowe alisema, "Basi na huyu ana kwao," akauliza nani atamzika.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Dada Fundi alikwenda akashona mfuko wa kitambaa cheupe, mshono wa mkono, mzuri kuliko sare yoyote niliyowahi kuiona kwake, na bibi yule asiyejulikana akazikwa kwenye makaburi ya mji. Tulikuwa watano kaburini: Dada Fundi, Bi Chumvi, polisi mmoja aliyevua kofia, mchimba kaburi na mimi. Bi Chumvi alitupa udongo wa kwanza. Tuliporudi na kufika getini alisema kwamba dhoruba zinaendelea na yeye anaondoka.

Basi mzigo ukanijia. Niliyajua mawe, hiyo sikatai. Zege nalitambua nikiwa mlangoni. Lakini usiku nilikuwa nikimwona Dada Fundi amesimama mbele ya meza, ananitazama mdomo, na mimi nanawa mikono. Siku moja nilijikaza nikamuuliza Bi Chumvi itakuwaje nikikosea. Alikuwa anafungasha vitu vyake kwenye boksi. Alifikiri, akasema, "Utakosea. Sote tumekosea. Ila si kwa huyo." Sijui kama alitaka kunifariji. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu nataka kuhamia idara ya vinyago, akanijibu kwamba vinyago navyo vina mambo yake.

Kurasa zangu zilikuwa zimefika kwa mpiga chapa na ziliishia hapo, na salamu za heri chini. Nimeziomba zirudi kwa sababu ya jambo la juzi Alhamisi.

Kulikuwa na upepo mkali Jumatano. Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa fupi, watu wa zege watatu, na nyuma yao Dada Fundi. Alipofika mbele Bi Chumvi aliinuka kitini. Alikwenda dirishani, akatupa mgongo, akaanza kufuta vumbi kwenye kizingiti ambacho alikuwa amekifuta asubuhi hiyo hiyo. Dada Fundi alimtazama, akanitazama mimi, akaweka kitambaa cha sare mbele ya kiti kitupu. Nilikaa. Sikuwa na la kufanya ila kukaa.

Ulikuwa ubavu, au kipande cha ubavu, mweusi mweusi, umepinda. Mbavu za mtu nimezisoma vitabuni, na ninazo zangu, na zilinigonga zote kwa pamoja. Niliupima kwenye mizani. Ulikuwa mzito mno kwa ukubwa wake. Niliugonga kwa ukucha, ukalia kama kikombe. Nikautazama mahali ulipovunjika, kwa kioo, kisha bila kioo, kisha kwa kioo tena. Ubavu wa mtu ndani una sponji nyepesi. Huu ulikuwa umejaa, umeshiba, mzima kutoka ganda hadi katikati. Nikafungua droo ya nguva, nikauweka kando ya ubavu wake. Nguva ana mbavu nzito zinazomsaidia kukaa chini majini akila nyasi. Nilivilinganisha mpaka macho yakaniuma. Nikaanza upya. Watu wa zege walikuwa wameondoka, na dirishani kitambaa cha vumbi kilikuwa kimesimama.

Nilijua. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika ya jina langu, na bado nilitaka kwenda nyumbani nirudi kesho nitazame tena. Nikainua uso ili niseme, na sauti haikutoka. Dada Fundi alikuwa amesimama, mikono kifuani. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu.

Nikaulamba.

Ulikuwa na chumvi, na mchanga kidogo, na hakuna lolote baya lililonipata. Dada Fundi akavuta kiti, akakaa. Bi Chumvi hakugeuka. Aliuliza kutoka dirishani, kwa sauti isiyokuwa yake, ni nini hicho. Nikamjibu kuwa ni ubavu wa nguva, uliogeuka jiwe zamani sana. Akasema, "Umeona vizuri," nikasubiri aongeze "ila". Hakuongeza. Alikuja, akachukua sufuria ya chai, na nilipotazama chini niliona viatu vyake viko miguuni vyote viwili.

Bi Chumvi, kwa niaba ya makumbusho haya, ya mlinzi anayekuuliza kama umekula, ya watu wote wa zege walioondoka kwako wamesimama wima, na ya dada mmoja anayeshona sare, tunakushukuru. Mumeo anywe supu yake kwa amani. Binti yako muuguzi apumzike, mzigo sasa ni wa mke wangu. Uwe na afya, na asubuhi nyingi za ufukweni ukiokota kwa raha yako tu, bila foleni. Ukipata kitu kinachokutatiza kilete, tutakitazama bila haraka.

Karatasi ya mwezi ujao nimekwisha kuibandika mlangoni, kwa kalamu nene. Kabla hujaizunguka ile rasi, pita uisome kwa sauti, na uirudie bila kutazama. Ukichelewa kurudi tutakuja kukutafuta.